Mama, Mosel na hoteli isiyopenda mambo ya ghafla

Hoteli za familia katika bonde la mto Mosel, kule magharibi mwa Ujerumani, hazimfai mtu anayeamua mambo yake papo kwa papo. Nalisema mapema ili anayetafuta pa kumpeleka mzazi wake ajue anakwenda wapi. Chochote utakacho utakipata, mradi ulikisema jana. Ukikisema leo utaambiwa hapana, tena hapana kavu isiyo na "pole" wala "ngoja nione". Mamangu alikaa huko nami mwishoni mwa Septemba, msimu wa kuvuna zabibu. Usiku wa kwanza alichukizwa na tabia hiyo. Tulipoondoka alikuwa ameizoea kuliko mimi niliyeishi na Wajerumani miaka yote hii.

Kazi yangu ni kuwatunza wazee katika makao yao mjini Bonn. Hoteli nilizozijua ni zile za karibu na stesheni: mlango unafunguliwa kwa kadi, chumba cha juu hakina tofauti na cha chini, na aliyekupokea jana leo hakujui. Mama alipopata visa, baada ya mimi kutia sahihi serikalini kwamba gharama zake zote ni juu yangu, sikutaka arudi Kisauni, Mombasa, akiwa hana la kusimulia isipokuwa maduka na treni. Mwenzangu kazini, mzaliwa wa Mosel, akanishauri nimpeleke kwa wakulima wa zabibu wanaokodisha vyumba na kupikia wageni. "Usiandike mtandaoni," akaniambia. "Piga simu."

Nikapiga. Bibi aliyepokea aliniuliza maswali mengi kuliko ubalozi: mama ana umri gani, anaweza ngazi, mnakula nini na hamli nini, mnakuja na basi la saa ngapi. Nikamweleza habari ya magoti, na kwamba sisi Waislamu nguruwe hatuli. Nikasikia penseli ikiandika.

Mosel unaanzia milima ya Vosges, Ufaransa, unapita mpakani mwa Luksemburgi, na unaingia Rhine pale Koblenz. Urefu wake ni kilomita 544, na naamini ungenyooshwa ungefika nusu ya muda. Treni ya Koblenz kwenda Trier huufuata kando kwa kando hadi Cochem, halafu uvumilivu unaiishia: inaingia mlimani kwenye handaki la zaidi ya kilomita 4, lililofunguliwa 1879, na ikitoka upande wa pili inaukuta mto uleule ukimalizia kuuzunguka mlima. "Si huu tuliouacha?" mama akauliza. Ndio huo. Tulishuka Wittlich tukapanda basi hadi Bernkastel-Kues, maana reli iliyokuwa ikifika huko iling'olewa na njia yake sasa wanapita watu wa baiskeli.

Hoteli ilikuwa nyumba ya boriti nyeusi zinazoonekana kwa nje, kuta nyeupe katikati ya boriti, na paa la mawe meusi ya bapa. Nyumba za aina hii nimezipita mara nyingi nikizichukulia ni picha za kalenda. Mama hakwenda mlangoni moja kwa moja. Alisimama kwenye ukuta wa ghala la pembeni, mahali chokaa ilipobanduka, akainama kuchungulia. Ndani mlikuwa na fito. Fito zilizosukwa baina ya boriti, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu.

"Mwanangu," akasema, "hii ni nyumba ya udongo."

Na kweli ni ya udongo. Mama alizaliwa Witu, pwani ya Kenya karibu na Lamu, katika nyumba iliyokandikwa hivyohivyo, ila boriti zao zilikuwa za mikoko na paa la makuti. Kule Bernkastel, karibu na uwanja wa soko, kuna kijumba kinachoitwa Spitzhäuschen, cha mwaka 1416, chembamba chini na kipana juu. Fito na udongo vimekaa miaka mia sita kwa sababu kila kizazi kilipaka chokaa na kubadilisha boriti iliyooza. Kwetu nyumba ya udongo imekuwa alama ya ufukara, mtu akipata senti mbili anakimbilia simiti. Huku wenye nyumba wanatafuta fundi anayejua bado kukandika, na fundi huyo si rahisi bei.

Bibi mwenye hoteli alikuwa mlangoni kabla hatujagonga, kwa kuwa basi analijua. Alitupa fomu ya karatasi. Tangu Januari 2025 raia wa Ujerumani hawaijazi tena wanapolala hotelini, lakini mgeni wa nje bado anaijaza na kuonyesha pasipoti. Juu ya bei ya chumba kuna fedha kidogo ya kila usiku ambayo ni ya halmashauri. Kisha ufunguo: wa chuma, umefungwa kipande cha shaba kizito hata huwezi kwenda nao mjini kwa kusahau. Chumba alikuwa ametupa kile cha ghorofa ya kwanza, juu ya ukumbi wa kulia, kwa ajili ya magoti. Lifti hakuna. Kipozahewa hakuna. Jagi la umeme la kuchemshia maji pia hakuna. Kitanda cha watu wawili kilikuwa na mifarishi miwili midogo, kila mtu na wake, jambo ambalo mama alilisifu sana kwa kuwa baba, Mungu amrehemu, alikuwa mvutaji wa shuka.

Jioni ile ndiyo ilitukwaza.

Jiko la hoteli hizi hufunguliwa saa kumi na mbili jioni na chakula cha mwisho kinaagizwa saa mbili na nusu. Tuliposhuka, habari ya nguruwe bibi alikuwa ameizingatia, akatuonyesha kwenye orodha tunavyoweza kula. Havikuwa vingi. Viazi vya kukaanga vina vipande vya nguruwe wa moshi. Ile mikate myembamba ya kuokwa yenye vitunguu, ndani yake yumo pia. Samaki walikuwako, lakini wameogeshwa mchuzi wa Riesling, mvinyo wa hapohapo. Katika bonde hili mvinyo ni kiungo kama nazi ilivyo kwetu. Mama akasema nimwambie amkaangie samaki peke yake, pasiwe na mchuzi. Bibi akatazama ukumbi uliojaa, akatazama saa ya ukutani.

"Leo hapana. Kesho ndiyo."

Mama hajui Kijerumani, lakini hapana aliitambua. Pwani mgeni hakataliwi usoni. Tungemwambia "ngoja nimuulize mpishi", tukapotea dakika kumi, tukarudi na soda, na yeye angeelewa mwenyewe. Aligeuza uso dirishani. Bibi hakuliona hilo, au aliliona asilijali, maana alikuwa ametoa daftari mfukoni mwa aproni na kuniuliza: samaki gani, mafuta gani, mvinyo wowote usiwepo, sufuria ya peke yake, saa ngapi. Nikajibu trauti, siagi, ndiyo, ndiyo, saa kumi na mbili na nusu. Tukala mkate, jibini na nyanya. Mama akapanda kulala bila kunena.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu kamili, bibi alitoka jikoni na sahani mbili. Trauti mzimamzima amekaangwa kwa siagi mpaka ngozi imekauka, kando viazi vya kuchemsha na majani ya kotimiri ya Kizungu. "Divai hakuna. Nguruwe hakuna. Kikaango kipya," akahesabu kwa vidole. Mama akatoa mkobani chupa yake ya pilipili ya ndimu, akanawa, akala kwa mkono, akamaliza na kichwa. Bibi alipokuja kuondoa sahani alikuta mfupa wa mgongo na miiba tu. Akaita mumewe atoke jikoni aone. Wageni wa huku kichwa hawakigusi, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona mtu anayemheshimu samaki kiasi hicho.

Tukipanda ngazi mama akasema: "Kumbe hapana yake ina tarehe."

Baada ya hapo alianza kuagiza. Kwanza chai. Chai ya hotelini ni gilasi ya maji ya moto, kijaruba cha majani kinaning'inia ndani, na maziwa baridi katika kikopo cha ukubwa wa kizibo. Mama alikuja na majani yake, iliki na tangawizi. Nikamwombea bibi, mbele ya daftari, sufuria na lita moja ya maziwa kwa kesho. Akafikiri, akasema saa moja na robo asubuhi, kabla wageni hawajashuka, na mama aingie jikoni mwenyewe kwa sababu yeye hajui chai hiyo inavyopikwa.

Jiko lilikuwa la chuma kitupu, kila mtungi una kibandiko. Mama akatwanga iliki kwa kitako cha kikombe. Bibi alisimama kando amekunja mikono, macho kwenye maziwa. Yalipoanza kupanda, wote wawili walinyoosha mkono kwenye swichi pamoja, na bibi akawahi. Mama akacheka, akamwashia tena: lazima yapande, yashuke, yapande tena. Bibi alivumilia mara ya pili, ya tatu akasogea hatua nyuma. Alipopewa kikombe alikunywa chote, akasema sukari imezidi, akaenda kupanga mikate. Asubuhi zilizofuata sufuria ilikuwa inamngoja mama mezani na maziwa kando yake.

Ukumbi wa asubuhi una adabu zake. Meza yenye namba ya chumba chako ni yako mpaka siku ya kuondoka, usihamie ya dirishani hata ikiwa tupu. Ukiingia unawasalimu wote kwa sauti, hata usiowajua, nao wanakujibu wakiwa na mkate mdomoni. Mama alifurahi, alikuwa amehesabu Wajerumani ni watu wasiosalimiana, kwa jinsi alivyowaona kwenye treni za Bonn. Mayai ya kuchemsha yamevishwa kofia za kufuma yasipoe. Kwenye sinia la nyama bibi alitenga upande wa bata mzinga, akauchomeka kijiti chenye karatasi ya kijani. Hakuna aliyemwomba.

Mchana tulikuwa tukikaa kwenye benchi la mtoni pale Wehlen. Ng'ambo kuna mteremko mkali wa mizabibu, na katikati ya mizabibu jabali lililobeba saa ya jua. Ilijengwa 1842 na mwenye shamba, Jodocus Prüm, wafanyakazi wapate kujua saa. Jina la shamba limetokana nayo, Wehlener Sonnenuhr, na kwa wajuzi wa mvinyo jina hilo pekee linapandisha bei ya chupa. Bibi alituazima darubini. Mama akaielekeza kwenye saa ile, akaniuliza simu yangu inasema nini. Saa ya jua ilikuwa nyuma ya simu kwa zaidi ya saa moja. Nikamweleza: majira ya joto Wajerumani husogeza saa zao mbele, na tena Mosel uko magharibi sana kwa saa wanayoifuata, kwa hiyo jua huchelewa kufika kati. Maelezo hayakumgusa. Alichokiona yeye ni kwamba kivuli kikishapita alama ya adhuhuri, basi Adhuhuri imeingia. Nikaangalia programu ya swala kwenye simu: saa saba na dakika ishirini na kitu, sawasawa na kivuli. Tokea hapo simu yangu haikuulizwa tena, darubini ndiyo iliyotafutwa. Mama husali kwa jua tangu utotoni, na simu alikuwa anaivumilia tu.

Kwa darubini hiyohiyo tuliwatazama wavunaji. Wengi ni watu wa Poland na Romania wanaokuja kwa msimu. Mteremko ni mkali hata mashine kubwa haiwezi, zabibu zinakatwa kwa mkasi, mkungu kwa mkungu, na mahali pengine kuna reli moja ya meno inayopanda mlima ikivuta kijigari cha mtu mmoja na makreti yake. Chini zaidi mtoni, kijiji cha Bremm, shamba la Calmont lina sehemu zenye mwinamo wa hadi digrii 65. Udongo kwa maana ya udongo haupo, ni vipande vya mawe meusi yaleyale ya mapaani. Yanakunywa joto la mchana na kulitoa usiku, ndiyo maana zabibu zinaiva kaskazini kote huku. Mwenye hoteli, mume wa bibi, alituambia jioni moja kwamba vijana wa vijijini hawaitaki tena kazi ya mteremkoni, na mashamba ya juu kabisa yanaachwa yaote vichaka. Alilisema akiangalia mikono yake.

Watu waliniuliza: Mwislamu anafuata nini kwenye bonde la mvinyo? Anafuata zabibu. Maji ya zabibu ya huku, Traubensaft, ni kitu kingine kabisa na yale ya pakiti. Tena ukimkuta mkulima anakamua, atakukingia gilasi kutoka kwenye bomba. Mama aliuliza yamekamuliwa lini. Mzee akasema sasa hivi, zabibu zilikuwa mlimani asubuhi. Mama akanywa mbili.

Lakini hapa pana jambo la kuangalia sana, na sijaliona likielezwa kwa wasafiri wetu. Mwezi Septemba na Oktoba, kando ya barabara na sokoni, huuzwa chupa za kinywaji cheupe chenye ukungu, kitamu, bei rahisi. Kwa macho ni juisi. Kinaitwa Federweißer, nacho ni maji ya zabibu yaliyokwisha kuanza kuchacha. Kinaendelea kuchacha humo chupani hata baada ya kukinunua, na kileo chake kinaongezeka siku hadi siku. Kinachokitambulisha ni kifuniko: hakikazwi, maana gesi ikikosa pa kutokea chupa itapasuka. Ukiona chupa zimesimamishwa wima, muuzaji anakuonya usizilaze, na juu kuna karatasi ya bati iliyolegea, hiyo si juisi. Juisi imefungwa kisawasawa na imeandikwa Traubensaft. Na ukiagiza mezani, tamka kabisa kwamba hutaki kileo. Hakuna atakayekucheka. Madereva na wajawazito wanasema hivyohivyo kila siku.

Mahali nilipotaka kupaona kwa ajili ya kazi yangu ni hospitali ya Mtakatifu Nikolaus, upande wa Kues. Aliianzisha kadinali Nikolaus wa Kues, mwana wa mwenye mashua wa hapohapo, mnamo 1458, iwe makao ya wazee 33, idadi ya miaka ya Yesu duniani. Mpaka leo ni makao ya wazee, na mpaka leo ina mashamba yake ya mizabibu. Mimi ninayefanya kazi kwenye makao ambayo kila mwaka yanalia bajeti, nilibaki nikipiga hesabu: karne tano na nusu, wazee wanatunzwa kwa zabibu. Kadinali mwenyewe alifia Italia 1464. Mwili uko Roma, moyo wake ukaletwa ukazikwa kwenye kanisa la humo ndani. Hilo mama lilimsumbua. Alitaka kujua siku ya kiyama itakuwaje.

Maktaba yake bado ipo pale, na huingii peke yako, ni kwa ziara yenye kiongozi. Bibi alikuwa amepiga simu siku moja kabla, kama ilivyo ada. Miongoni mwa hati za kadinali huyo imo tafsiri ya Kurani kwa Kilatini, ile iliyofanywa Hispania katika karne ya 12, na pembeni mwa kurasa ameandika maoni yake kwa mkono. Alikuwa akiisoma ili kubishana nayo, aliandika hata kitabu juu yake. Lakini Konstantinopoli ilipotekwa na Waturuki Waislamu 1453, wenzake wakililia vita, yeye aliandika kitabu kingine akiwaza jinsi dini zinavyoweza kukaa kwa amani. Nikamtafsiria mama. Akasema mtu anayebishana na kitabu baada ya kukisoma ni nadra, hata kwetu.

Usiku hotelini kulikuwa na meza moja ya mviringo karibu na jiko la kuni, juu yake kibao cha shaba. Hiyo ni ya wenyeji, wale wanaokuja wiki baada ya wiki kwa miaka, na mgeni haketi hapo hata ukumbi ukiwa mtupu, mpaka aitwe. Tuliitwa. Nadhani ni kwa sababu ya samaki. Wazee watatu wakasogea, wakatuuliza tunatoka wapi hasa, na nilipotaja Witu hakuna aliyeijua. Nikawaambia Witu ilikuwa chini ya Ujerumani tangu 1885, enzi za Sultani Ahmed aliyeitwa Simba, hadi 1 Julai 1890, Berlin ilipoiachia Uingereza katika mkataba uleule uliowapa kisiwa cha Helgoland. Mkataba ulikuwa na mengi mengine, lakini Helgoland wote waliijua, mmoja alikwenda huko fungate.

"Kwa hiyo tuliwabadilisha na Helgoland?" akauliza.

Nikamgeuzia mama. "Mwambie hatukuulizwa," akasema. Mzee akacheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka, akamwagizia mama gilasi ya maji ya zabibu.

Mazungumzo yakahamia mafuriko, maana hapo mama alikuwa na la kusema. Kwenye fremu ya mlango wa hoteli kuna mistari iliyochongwa na miaka yake: 1784, 1993, 1995. Wa 1993 ulinipita kichwa. Desemba ile, kule Trier, kipimo cha mto kilifika mita 11.28. Mto wenyewe siku za kawaida hata hauonekani kwenda, kwa kuwa umewekewa kuta na malango kwa ajili ya meli kubwa za mizigo tangu 1964, na mama alikuwa akiudhania ziwa. Wakatueleza ndiyo sababu ukumbi wa chini una sakafu ya mawe na soketi za umeme ziko usawa wa kifua. Maji yakitangazwa, jirani huja, meza hupanda juu, na bibi ana orodha ya kipi kinaanza. Mama akawasimulia mafuriko ya mto Tana, kwetu Kenya, ya 1997, watu wa Garsen na Ngao wakihama na mbuzi usiku. Akauliza: nani anawatangazia? Wakamwonyesha kwenye simu kipimo cha mto, kinasomeka muda wote, na makadirio ya siku zinazofuata. Alikishika kile kisimu muda mrefu kuliko alivyoishika darubini. Wapwa zake wawili wako Garsen.

Siku moja katika wiki mgahawa hufungwa, na siku hiyo usitegemee huruma ya jirani, maana vijiji hivi vina migahawa michache na duka Jumapili halifunguliwi. Tuliambiwa siku moja kabla. Sahani mbili za baridi zilikuwa kwenye friji ya ukumbini, zimefunikwa na kuandikwa namba ya chumba.

Friji hiyo inastahili kutajwa. Iko kwenye korido, haina kufuli. Ndani kuna maji, juisi, bia na mvinyo, na mlangoni karatasi yenye namba za vyumba na penseli imefungwa kwa uzi. Unachukua, unapiga mstari. Mama alikuwa akitoka usiku kuikagua karatasi kuona nani kachukua nini. Chumba cha tatu walikuwa na mistari mingi. Hakuna aliyefuta.

Kwenye hesabu ya mwisho kila mstari uliingia, na kila gilasi ya maji ya moto. Lita zile za maziwa hazikuwemo. Nikauliza, bibi akasema maziwa alikunywa pia yeye. Kadi alipokea, ila kwa kukunja uso. Nakushauri uje na fedha taslimu. Bakshishi huiachi mezani ukaondoka. Unapolipa unamtajia jumla unayotaka akate, umeizungusha juu kidogo, basi.

Halafu akafungua kitabu kikubwa cha mwaka unaofuata. Nusu ya kurasa za Septemba zilikuwa zimejaa majina, watu waliokwisha kujiwekea nafasi siku ya kuondoka, chumba kilekile, wiki ileile. Akamtazama mama, si mimi, penseli juu ya karatasi.

"Mwambie Mungu akipenda," mama akasema, "na ubalozi ukipenda."

Nikatafsiri. Bibi akaandika jina letu kwa penseli, akaweka alama ya kuuliza pembeni, akataka kujua lini atapata jibu la uhakika. Tukakubaliana mwisho wa Februari.